Kiswahili cha kwenda Mombasa

Wanyera, ile safari ya Mombasa usiipange tena. Topista haendi. Mke wangu haendi popote.

Tulikuwa tunakunywa chai hapa nyumbani Nalufenya. Unajua alivyoitamani ile ngome ya Wareno tangu aione kwenye kalenda. Nikamwambia, basi ujizoeze Kiswahili, huko Kisoga hakitakusaidia. Tufanye mimi ni askari wa mpakani, wewe msafiri.

Nikasimama mlangoni. Nikasema, "Wewe mama, simama hapo. Kipande iko wapi?"

Mzaha tu. Kiswahili changu ni cha jeshini, sina kingine, na nyumbani sijawahi kukisema.

Akavua viatu. Akapiga magoti sakafuni, mikono juu. Mzaha, Wanyera, na mke wangu akavua viatu.

Nikasema kwa Kisoga, Topista, ni mimi.

Akasema, "Waliomchukua baba walisema hivyo hivyo. Kipande iko wapi."

Mimi niliambiwa baba yake alikufa kwa homa.

Nikamwinua, nikamvisha viatu. Sasa hivi nimemuuliza kwa Kisoga kama nimwongezee chai.

Amejibu kwa Kiswahili. "Ndiyo, afande."