Pikapu ya Somoe Haiuzwi kwa Kilo

Chuno, Mtwara
Ijumaa, mwanzo wa Agosti

Dada yangu Mwanaidi, shikamoo.

Leo nimehesabu: miaka hamsini na nane tangu nivuke mto Ruvuma kuja huku nikiwa na mfuko wa vitabu na viatu vya baba vilivyonizidi. Goti lako linasemaje? Na macho, yanaona, au bado anasoma mwanao Abdala? Kama ni yeye anayekusomea, asome yote, asiruke. Mimi ni mzima, ila vidole vimechubuka, na sababu utaiona.

Sauti uliyoituma kwenye simu nimeisikiliza mara tatu. "Mdogo wangu, kiwanja cha baba nimekilinda mpaka meno yameniisha. Mwisho wa mwezi Abdala atakungoja mtoni. Usipokuja, nampa yeye. Au unangoja hilo bati lako liote majani?" Nilicheka, dada. Jibu langu linapitia kwenye hilo hilo bati.

Pikapu yenyewe unaijua kwa picha. Mimi na marehemu mke wangu Somoe tuliinunua ikiwa tayari kuukuu, tukaibebea mihogo kutoka Msimbati na maharusi wa mtaa mzima. Ndiyo iliyombeba Somoe tulipompeleka makaburini Likombe. Tangu siku ile sikuiwasha. Chumvi ikala sakafu na vizingiti vya milango, hata kuku wakapata njia yao ya kuingilia.

Mwezi uliopita nikamwita Chande, fundi wa kunyoosha bodi hapa Chuno. Tukaandika mpango kwenye daftari: kukata palipooza, kuchomelea bati jipya, kugonga palipobonyea, kupiga msasa mpaka chuma kitupu, kufuta kwa thina, ndipo praima, rangi ya kwanza ya kukinga kutu. Yeye alitaka kuziba matundu kwa puti. Nikamwambia puti ni ya kusawazisha tu, chuma kilichokwenda hurudishwa kwa chuma. Akaguna, "Haya, Mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyewahi kuchapwa na walimu.

Siku ya praima tulisubiri jua likaushe umande. Nje ilishika vizuri. Chini ya sakafu, kabla ya adhuhuri, ilikuwa imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka.

"Mwalimu, hili gari ulilipaka nini?"

Ndipo nikakumbuka. Zamani, nilipoona kutu ya kwanza, nililipaka chini mafuta ya maganda ya korosho, kama baba alivyopaka mbao za mashua yake zisiliwe na wadudu. Niliona nimepata akili kubwa.

Chande alikaa chini kwa kucheka. "Kumbe ulitaka likavue pweza! Na elimu yote hiyo!" Kisha akafuta machozi, akasema kwa upole: "Kubandua haya ni wiki sita, babu. Yupo mtu wa vyuma chakavu, ananunua kwa kilo. Muuzie, ukapumzike kwa dada yako."

Kumbe naye alikuwa amesikia sauti yako! Kila mtu amekwisha kunipangia pa kupumzikia. Wiki sita zinaupita mwisho wa mwezi wako, nilijua. Nikamwambia, "Kwangua."

Tangu Jumatatu tunakwangua. Tunapitisha kitambaa cheupe chenye thina. Kikitoka cheusi, tunarudia. Kikitoka cheupe, praima siku hiyo hiyo kabla ya alasiri, maana chuma kitupu kikilala na upepo wa bahari huamka chekundu. Jana kipande cha kwanza, upana wa mkeka wa kuswalia, kimeshika. Nimekikwaruza kwa ukucha, hakikubanduka.

Kwenye sauti hiyo pia umeuliza, "Nani atakuzika ugenini?" Ugenini gani, dada? Nusu ya wanaoniamkia mtaani niliwafundisha kusoma. Nafasi kando ya Somoe ipo. Usafiri wa kunifikisha naushughulikia mwenyewe, nao utakwenda ukiwa na rangi ya kijani, ile aliyoichagua yeye.

Sikufichi kitu. Lile jiwe lililopasuka kando ya kisima, tulipokuwa tukinawia miguu, naweza kulichora hata sasa, na ufa wake wote. Ukipita hapo, nawa kwa niaba yangu. Lakini hapo ndipo nilipotoka, na hapa ndipo nilipokaa.

Nisalimie shemeji, mume wako, nimemsamehe zile nyavu. Msalimie shangazi yetu, wa mwisho wa upande wa baba, na mke wa Abdala aliyeniletea dagaa. Kiwanja mpe Abdala, achimbe msingi kabla ya mvua. Asije kuningoja mtoni.

Ni mimi mdogo wako, Bakari, na sitarudi.