Risasi ya Swala wa Hitima

Ibra, Oman

Mdogo wangu Nassor,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na mama na wote waliobaki katika nyumba ile. Mgongo wa mama unaendeleaje na baridi ya asubuhi ya Tabora? Mpe shikamoo yangu kabla hujafika mbali, maana najua barua hii unaisoma umesimama mlangoni. Mimi sijambo. Kazi ya stoo ya vipuri inakwenda. Jioni nikirudi chumbani nafungua mlango, natoa salamu kwa sauti kama tulivyofunzwa, na hakuna anayeitikia.

Nimesoma habari zako mara nyingi. Swala wa kwanza uliyempiga kwa bunduki ya baba alianguka palepale, nawe kwa haraka ulisahau kulitaja jina la Mungu. Ulipofika na kisu ameshakufa, na mama akakataa nyama ile isiingie jikoni. Sasa anakaribia kutoka eda, anataka swala mwingine kwa hitima ya baba. Unasema rafiki yako ameahidi kukuazima ile bunduki ndogo, pointi tuu-tuu, ili risasi ndogo imwache mnyama hai mpaka umchinje. Unaniuliza mimi kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikifuatana na baba mawindoni.

Nassor, usifanye hivyo.

Sikukujibu kwa akili yangu peke yangu. Siku ya Idi wanaume wa huku hutoka kulenga shabaha, wanaweka jiwe jeupe mlimani. Nilikwenda na Mzee Khalfan, jirani yangu, mtu aliyekulia Unguja, ambaye ndiye pekee ninayezungumza naye Kiswahili siku hizi. Nikamweleza shauri lako.

"Lahaula! Mwindaji gani anayeomba mnyama asife?" akasema.

"Anaogopa nyama isiwe halali, babu."

"Basi ampige kwa manati! Nyinyi watu wa bara mna mambo. Mwambie risasi dhaifu humfikisha mnyama kichakani, haimfikishi kwenye kisu. Bismillahi iwe mdomoni kidole kinapovuta. Akimkuta hai, amchinje. Akimkuta amekufa, ale."

Akawafasiria wenzake kwa Kiarabu, wakacheka, nami nikacheka. Kisha upepo ukaleta harufu ya baruti, ileile ya bunduki ya baba, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Kwa hiyo tumia bunduki ya baba, ile Mauza ya milimita saba. Chini ya kitanda kuna kopo la biskuti lenye risasi za namna mbili. Zile zilizofunikwa shaba mpaka nchani ziache. Hupita kama sindano kwenye khanga, na mnyama hukimbia na jeraha lake. Chukua zenye ncha laini, ambazo madini ya risasi, yale ya kijivu, yanaonekana mbele. Hizo hupanuka ndani, na swala hendi mbali. Rafiki yako akikupa bunduki kubwa, ile 375, mshukuru na umrudishie. Hiyo ni ya nyati. Kwa swala itaharibu nyama ya bega lake, na bega lako pia. Risasi za kopo ni za zamani, basi zijaribu kwanza kwenye kibao. Na leseni isisahaulike.

Usipige kwa mbali. Baba alikuwa akinyata mpaka aone sikio la swala likigeuka. Sikio lisipoonekana alikuwa akishusha bunduki, akatafuna kipande cha muhogo na kungoja. Lenga nyuma kidogo ya mguu wa mbele.

Mwezi uliopita nilitumwa kupeleka vipuri kwa gari Wadi Bani Khalid, nikamwona swala amesimama kando ya barabara. Huku hawawindwi, serikali imekataza. Sikio lake likageuka. Nikageuka na mimi nimwambie mtu, na kiti cha pili kilikuwa na katoni ya vichujio vya mafuta. Sikuwahi kumtia baba udongo, Nassor. Labda ndiyo maana bado namsemesha.

Kuna jambo moja ambalo hukuliona kwa sababu ulikuwa mdogo. Baba hakuwa akisema Bismillahi kimoyomoyo. Alikuwa akiitamka nami nisikie, na mimi nyuma yake nikaitikia, "Allahu Akbar." Nisipoitikia, hakuvuta. Hivyo ndivyo hakusahau hata siku moja. Wewe hukuwa na mtu nyuma yako. Mama hakukosea, na wewe usijilaumu.

Ini mpe mama, kama baba alivyokuwa akimpa. Nisalimie shangazi, na mjomba anayetutunzia ng'ombe, na jirani yetu fundi cherehani. Mwambie kanzu aliyonishonea bado naivaa Ijumaa.

Nipigie simu uniambie ni asubuhi ipi utakwenda. Huku jua hutangulia kuchomoza kuliko huko, kwa hiyo nitakuwa nimeshaamka. Sikio likigeuka, sema Bismillahi kwa sauti, kisha ngoja kidogo kabla hujavuta. Nitakuwa naitikia.

Kaka yako,
Seif