Jina la Tokie Limeshuka Ukutani

Duka la Dawa la Ushijima,
Namerikawa, Toyama.
Tarehe 4 Desemba.

Mpendwa shemeji Isamu,

Juzi ofisi nzima ya afya ilisimama kwa heshima yangu. Wote, shemeji, kuanzia mkuu wao hadi yule wa kupokea simu, waliacha viti vyao kwa mpigo mmoja, mimi nikiwa mbele ya dirisha, kofia mkononi, nimejaa kama waziri.

Haya, si kweli. Kusimama walisimama, ila ilikuwa imegonga saa sita na kila mtu alikuwa anakwenda kula. Aliyebaki ni mama mmoja anaitwa Bi Mizoguchi, na alibaki kwa sababu yangu, wala hakuonekana kulifurahia jambo hilo.

Nimetanguliza majivuno kabla ya salamu, utanisamehe. Hujambo lakini? Ule mgongo unasemaje? Na Bi Neusa je, bado anakukataza sukari nawe bado unaiba? Najua huko Londrina sasa hivi ni joto la kuvua shati. Huku theluji imeshakaa mlimani, miti ya uani tumeifunga kamba isivunjike matawi, na matunda ya kaki tumeyamenya na kuyaning'iniza upenuni. Mimi ni mzima. Nina miaka themanini na mitano na meno saba, na hakuna hata moja linalokaa bure.

Dada yako naye ni mzima wa mwili. Hapo ndipo habari yangu inapoanzia, kwa hiyo vuta kiti.

Unajua duka hili lilivyo. Kwenye karatasi za serikali mmiliki ni mimi, kwa kuwa baba yenu aliponipa binti na jina la ukoo alinitupia na duka juu yake. Msimamizi ni Tokie, kwa kuwa yeye ndiye aliyesomea ufamasia. Miaka hamsini na mitatu asiyejua kusoma maandishi ya chupa ndiye bosi, na anayezijua chupa zote kwa harufu ndiye mwajiriwa. Nilikuwa nikimtania kwamba nitamfukuza. Alikuwa akijibu, "Nifukuze, halafu uwape watu dawa kwa kuangalia rangi."

Mwezi wa tisa alimfungia Bi Kitabata, yule mjane wa karibu na kituo cha treni, dawa ya shinikizo la damu mara mbili kwenye kila pakiti. Hakudhurika mtu. Hino, mfamasia wetu wa pili ambaye tuko naye mwaka wa nne sasa, alizihesabu tena kabla mfuko haujatoka mlangoni, akazirekebisha kimyakimya. Wiki mbili baadaye likajirudia kwa mtu mwingine. Siku hiyohiyo Tokie akaniuliza baba amekwenda wapi mbona hajarudi kula. Nikamwambia amekwenda mbali kidogo. Akasema, "Bila kofia?"

Tulikwenda kwa daktari. Alichosema daktari nadhani umeshakijua, sitakiandika.

Tarehe 20 Oktoba, asubuhi, kabla hatujafungua, Tokie alivua koti lake jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya kaunta, akamwambia Hino, "Kuanzia leo wewe ndiye msimamizi."

Hino akasema, "Mwalimu, hakuna haraka."

"Kuna haraka," Tokie akasema. "Leo nakumbuka."

Sasa duka la dawa si kibanda cha viazi. Msimamizi akibadilika, mwenye duka lazima aiarifu ofisi ya afya ndani ya siku thelathini: nani ametoka, nani ameingia, lini, na kwa nini. Na sisi tulikuwa tunabadilisha saa za kazi pia, maana Hino ana mtoto mchanga na Jumamosi mchana tutakuwa tunafunga. Hino akanipakulia fomu, akanionyesha pa kujaza kwa penseli. Nikajaza jina langu, jina la duka, jina la Hino, jina la Tokie na namba yake ya usajili. Nikafika penye kisanduku cha sababu, kalamu ikagoma.

Niandike nini, shemeji? Amestaafu? Asingestaafu yule hadi siku ya kumwosha. Ni mgonjwa? Wangesoma mgonjwa wakadhani mapafu. Niliiona serikali yote imekaa kwenye kile kisanduku, na upana wake ni vidole viwili.

Nikafanya kama tunavyofanya nyumbani kwetu na kila karatasi yenye uzito: nikaiweka kwenye kabati la marehemu, mbele ya picha ya baba yenu, ili yeye aarifiwe kwanza. Cheti chako cha safari ya Brazil kilikaa hapohapo, unakumbuka. Siku tatu ndiyo desturi. Mimi nikaiacha. Kila asubuhi nawasha ubani, naangalia ile picha, baba yenu ananiangalia kwa lile jicho lake la kukagua mizani, nami nafunga mlango wa kabati. Ningemwambia nini? Kwamba yule binti aliyenipa nimemtunza vizuri mpaka amesahau kwamba baba yake alishakufa?

Hino alikuwa akiniuliza. "Mzee, ile fomu?"

"Iko kwa mkubwa, anaisoma."

"Mkubwa yupi?"

"Wa juu."

Akadhani nimeipeleka. Kumbe siku thelathini zilipita, na kwa karatasi duka lilikuwa na msimamizi ambaye hayupo kazini, na msimamizi aliyepo kazini ambaye hajulikani. Hino alipogundua alipauka. Ni kijana mpole, hakunipigia kelele, lakini alisema, "Mzee, leseni ya duka inaweza kuulizwa. Na jina langu nalo." Nikaona aibu, na mimi aibu huwa hainijii mara kwa mara.

Aliyetuokoa ni dada yako, na kilichomsaidia ni huohuo usahaulifu. Unajua kila asubuhi yeye ndiye anayempelekea baba yenu bakuli la wali pale kabatini. Hilo hasahau. Anachosahau ni kwamba ameshampelekea. Siku hizi marehemu anakula mara mbili, mara tatu, nadhani amenenepa. Basi juzi asubuhi akaenda na bakuli la tatu, pa kuliweka hakuna, akasogeza vitu, akaikuta fomu chini ya kinara.

Nilimkuta ameketi sakafuni, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi, anaikagua kama cheti cha daktari.

"Nani aliyejaza hii?" akauliza.

"Mmiliki."

"Mmiliki ni mpumbavu. Namba yangu ya usajili amekosea."

Akaikata namba niliyoandika kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika ya kweli juu, tarakimu sita, bila kufikiri. Nilikwenda kuitazama kwenye cheti chake ukutani. Ilikuwa sahihi, shemeji. Mwanamke aliyeniuliza jana yake kama sisi tuna watoto.

Kisha akafika kwenye kile kisanduku. Nikasema, "Hapo paache, nitapajaza mimi."

"Umepaacha mwezi mzima," akasema. Akaandika neno moja: *Nasahau*. Halafu akafungua mfuko wa aproni, akatoa ule mhuri wake mdogo mwekundu, ule anaougonga kwenye kila pakiti akishaikagua mara ya mwisho, akaugonga pembeni ya neno lake. Akanikabidhi fomu kwa mikono miwili kama anavyomkabidhi mteja.

"Iko sawa," akasema. "Inaweza kutoka."

Nilivaa viatu vyangu vya mazishi nikaenda mjini.

Bi Mizoguchi aliifungua bahasha, akanusa. "Mzee Ushijima, karatasi hii inanukia ubani."

"Ilikaa pazuri."

"Na imechelewa siku kumi na tatu. Itabidi uandike maelezo ya kuchelewa."

"Nilikuwa nasubiri idhini ya mwenye duka wa zamani."

"Anapatikana kwa simu?"

"Sidhani. Alikufa kabla wewe hujaanza shule."

Hakucheka. Aliinamisha uso kwenye karatasi muda mrefu kidogo, ila mabega yake niliyaona yakicheka.

Akanipa karatasi tupu. Mimi na shule yangu ya miaka minane nikajaza ukurasa mzima: magoti, mvua, msimu wa ngisi, sikukuu ya hekalu. Akasoma akasema, "Mzee, hii ni hadithi. Mistari mitatu inatosha. Andika ukweli kwa ufupi." Ndipo saa sita ilipogonga na wenzake wakasimama. Nikaandika ukweli kwa ufupi. Niliandika: *Sikutaka*.

Akaliangalia lile neno. "Hili siwezi kulipokea. Mkuu wangu ataniuliza sikutaka ni sababu gani."

"Wewe ungeandikaje?"

"Ningeandika: mwenye duka alihitaji muda wa kushauriana na familia."

"Hiyo ni sikutaka iliyovaa suti."

"Ndiyo," akasema. "Hapa tunapokea zilizovaa suti."

Nikaandika yake. Akaendelea kukagua fomu, kidole kikishuka mstari kwa mstari: saa mpya za kazi, sawa, cheti cha Hino, sawa, namba ya msimamizi anayetoka, sawa. Kikafika kwenye kisanduku, kikasimama.

"Nani ameandika hapa?"

"Mwenyewe."

"Na mhuri huu? Fomu haihitaji mhuri huu."

Nikamwambia, "Haihitaji. Lakini huyo kila kilichotoka mkononi mwake kwa miaka hamsini na mitatu kilitoka na huo mhuri. Ukitaka ufutwe, chukua kifutio uufute wewe."

Akaniambia watu wengine huandika tu *amestaafu*. Nikasema ninaweza kwenda nyumbani nikaandike hivyo. Alifikiri. Mtu fulani alikuwa ameacha birika linachemka.

"Hapana," akasema. "Inasomeka vizuri." Akagonga mhuri wa kupokelewa, kwenye nakala ya ofisi na kwenye nakala yetu. Nilipokuwa natafuta mwavuli wangu aliniinamia. Peke yake, shemeji, lakini aliinama chini sana. Ndiyo maana hapo juu nimesema ofisi nzima, nimemzidisha kidogo.

Nyumbani Tokie aliikagua nakala yetu juu na chini, akatafuta kosa, hakuliona, akaonekana amesikitika kidogo kwa kutoliona. Akaipeleka kabatini. Nikamsikia anamwambia baba yenu, "Isome sasa, usiseme hukuambiwa." Kisha akampa wali.

Kibao cha jina lake, kile cha mbao kilichokuwa ukutani nyuma ya kaunta, Hino alikishusha jana kwa kitambaa safi, akaniletea kama taji la mfalme. Hatukujua pa kukiweka. Kabatini hapafai, yeye yu hai. Tokie akakitwaa akaenda nacho jikoni. Sasa kiko juu ya pipa la figili, chini ya jiwe, kinakandamiza achari ya mwaka huu. Anasema upana wake ni sawasawa na pipa, na ni ajabu hatukugundua mapema.

Ila kuna jambo moja linalonikera, nalo ndilo nililokaa chini kukuandikia. Tangu avue lile koti hakuna mtu anayemuuliza kitu. Watu wa mji huu wana adabu mno. Wanaingia, wanamsalimia, "Mwalimu, baridi imeanza," wanapita moja kwa moja kwa Hino. Hata Bi Kitabata, aliyekuwa akimuuliza kuhusu kila chafya, sasa anamletea keki za maharage na kuzungumzia paka. Na yeye anakaa chumba cha nyuma, mlango wazi, anasikiliza maswali yakiulizwa upande wa pili. Nimemwona anafungua mdomo halafu anaufunga. Mimi nilijaribu. Nilimwambia tumbo linaniuma. Akasema, "Huna kitu, unataka kudekezwa." Amenijua mno, sifai kazi hiyo.

Mpe Bi Neusa salamu zangu, na binti yenu Lídia, na wale wajukuu ambao majina yao siwezi kuyatamka ila picha zao tunazo kwenye friji. Afya na amani zikae nanyi, na mvua ije kwenye kahawa yenu kwa kiasi.

Sasa, shemeji. Mwaka wa theluji kubwa ulitumbukiza baiskeli ya baba yenu kwenye mfereji, na sanduku zima la dawa za kupeleka vijijini likiwa nyuma yake. Ulikuwa na miaka kumi na sita, unamwogopa mzee, nami nikasema ni mimi. Kwa sababu hiyo mzee aliahirisha harusi yangu kwa mwaka mzima, anipime kama nina akili. Hujawahi kulipa. Sikudai, maana nilidhani mwaka mmoja si kitu, tulikuwa na miaka mingi.

Nakudai leo. Kaa chini wiki hii umwandikie dada yako barua, kwa mkono wako, na kwenye bahasha uandike *Kwa Mfamasia Tokie Ushijima*. Muulize kuhusu huo mgongo wako. Swali liwe la kweli, na liwe gumu. La kudanganya atalijua. Atakachokujibu kionyeshe kwanza kwa daktari wako, kisha umjibu umepata nafuu, halafu umuulize lingine. Usikawie, Isamu.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, pamoja na ile baiskeli,

Torakichi