Kisima Kimepumzika

Palma, Ijumaa

Maji ya kisima hayana chumvi tena. Nimeyaonja mara tatu, kisha nikampa binti yangu Amina, ambaye kwa ujauzito wake alikuwa akiyatapika kila akinywa. Amemaliza kikombe, na yametulia tumboni. Alhamdulillahi.

Chumvi ilianza baada ya kambi ya watafuta gesi kuweka pampu kwenye kisima chetu. Nilipolalamika, msimamizi wao alinijibu, "Mama, maji ya chini hayaishi." Nilikasirika sana.

Ndipo ofisi ya wilaya ikamleta Bwana Armando, fundi wa maji kutoka mji wa Pemba, kusini kwetu. Aliteremsha ndoo kwa kamba, akaonja maji, akamwambia msimamizi mbele yetu sote, "Mnavuta upesi kuliko mvua inavyorudisha. Maji baridi yakipungua, bahari inaingia." Akaamuru pampu izimwe siku kumi, halafu iwe inawashwa asubuhi tu.

Nilipiga vigelegele. Akanigeukia. "Na wewe, mama, ile bustani ya mchicha?"

Niliona haya. Nilikuwa naimwagilia kila jioni kwa maji ya kisima, hata chumvi ilipokwisha kuanza. Tangu siku ile sijachota hata ndoo moja kwa ajili yake.

Bado naogopa. Wageni wa gesi wanazidi kuja, na kisima ni kilekile kimoja.

Lakini leo, siku ya kwanza pampu kuwashwa tena, msimamizi ameizima mwenyewe saa nne, bila kukumbushwa na mtu. Ameniita nishuhudie. Nimemwambia ahsante, na nimeisema kwa moyo.

Mchicha umekauka wote. Nitapanda mwingine mvua zikianza.