Kulibandua Jina la Baba Mlangoni mwa Pikapu

Dar es Salaam,
Jumapili mchana

Kaka yangu Maduhu,

Mwangaluka, kaka. Mimi mzima wa mwili, na naamini barua hii inakukuta wewe, mayu mama yetu, shemeji na watoto mkiwa mhola, wazima. Mayu anakula? Niambie ukweli, usiniandikie "anaendelea vizuri" kama mganga wa zahanati. Na mvua je, imeshuka hapo Zagayu au bado mnatazama mawingu yakipita tu?

Barua yako nimeipata. Umesema kikao cha ukoo kimekubali pikapu ya baba iuzwe, kwa kuwa hakuna wa kuiendesha na matairi yanaozea pale uani. Mnunuzi ni mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Mwanhuzi, atalipa kwa ng'ombe, na ng'ombe hao watakuwa wa mayu, si wa mtu mwingine. Mimi sina neno. Sharti la mnunuzi pia nimelielewa: hataki kuendesha gari lenye jina la marehemu mlangoni, na rangi ikitoka pamoja na hilo jina, gari halichukui. Ndiyo unaniuliza mimi, fundi wa kubandika, litatokaje.

Nitakueleza. Lakini kwanza niseme kuhusu ile simu ya maandishi ya msiba, maana najua mnaulizana kwa nini sikuja.

Ilinifikia baba akiwa ameshazikwa siku nne. Nilikuwa nabandika vizuia mvua kwenye madirisha ya gari la mteja, haya magari ya Japani yaliyokwishatumika ambayo yamejaa mjini tangu biashara ifunguliwe. Karani akaniletea karatasi. Nikaisoma, nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikamalizia madirisha mawili yaliyobaki. Vizuia vilikaa sawasawa kabisa, wala havikupinda. Tajiri wangu alipojua akanipa ruhusa siku hiyo hiyo. Nikaenda na begi mpaka stendi, nikakaa kwenye benchi, nikajiuliza naenda kumzika nani. Basi likaondoka ninaliangalia. Nikarudi chumbani. Tangu hapo nakula, nalala, naenda kazini. Sijalia, kaka. Naona aibu kukuandikia hivyo, ila ndivyo nilivyo, kama mguu uliokufa ganzi, ukiufinya hausikii.

Haya, kazi.

Usitumie kisu. Usitumie bisibisi. Nakujua wewe, mikono yako ina haraka. Chagua asubuhi, jua likiwa limepanda kidogo, bati lipate joto bila kuunguza. Osha mlango wote kwa maji na sabuni mpaka mchanga utoke, maana mchanga ndio unaokwaruza. Kisha chovya kitambaa kwenye maji ya moto, kikamue, kilaze juu ya lile bango la jina mpaka kipoe. Rudia mara nne, tano. Ile gundi ni kama sponji nyembamba inayonata pande zote mbili, na ikipata joto inalegea. Chukua uzi wa nailoni, ule mgumu wa kushonea magunia, uupitishe nyuma ya bango kwenye kona ya juu, ushike ncha zote mbili, uvute huku na huku ukishuka nao taratibu. Uzi unakata sponji, rangi hauigusi. Ukikwama, rudisha kitambaa cha moto. Hata bango likishaachia upande mmoja, usije ukalivuta kwa mkono, hapo ndipo rangi inapoondoka nalo.

Mabaki ya gundi yasugue kwa kidole gumba, yatajikunja yenyewe. Yakigoma, yapake mafuta ya kula, ngoja, halafu futa. Petroli hapana. Thina hapana kabisa. Na tafadhali usifutie pamba ya shambani! Najua imejaa ghalani na ni ya bure, lakini ina mbegu na vijiti vya majani, itakuchorea mlango wote. Mwombe shemeji kipande cha kanga kuukuu.

Unaikumbuka siku tuliyolibandika? Nimekuja likizo na bango langu begani, nakuta baba ameshaipaka pikapu samli, mwili mzima, eti ing'ae kama ng'ombe aliyeshiba. Nikamwambia gundi haishiki penye mafuta. Akaniangalia. "Gundi gani hiyo ya Dar inayoogopa samli?" Tukabandika hivyo hivyo, baba ni baba. Hatujafika hata Bariadi, bango likadondoka barabarani, tukarudi kulitafuta kwa miguu. Tulipofika nyumbani yule ndama mwekundu akaanza kulamba mlango, na mayu akacheka mpaka akakaa chini.

Mara ya pili alikubali nioshe. Nikafuta kwa spiriti, pakakauka, nikatoa karatasi ya nyuma ya gundi, yeye akashika upande mmoja na mimi mwingine. Nikamwambia akandamize kwa kiganja na ahesabu mpaka mia. Akahesabu kwa Kisukuma, polepole, akipotea anaanza upya. Siku ile nzima alikaa na fimbo yake kando ya gari, asitokee mtu wa kumwaga maji wala ndama wa kulamba. "Malori ya hawa wanunuzi wapya wa pamba yana majina ya kampuni zao," akasema. "La mkulima nalo lina jina lake." MZEE LIMBU, ZAGAYU. Alikuwa na furaha sana, kaka.

Uliponiandikia mwaka uliofuata kwamba kona moja iliachia, ukairudishia kwa solusheni ya kuzibia pancha, sikukujibu, nilikuwa na hasira. Sasa najibu: hiyo kona ndiyo itakayokutesa. Solusheni inakula rangi. Ipake mafuta ya kula asubuhi uiache mpaka alasiri, ndipo uiguse. Rangi ikitoka kidogo hapo, mwonyeshe mnunuzi wewe mwenyewe kabla hajaiona. Akiuliza ni kazi ya nani, sema ni ya mdogo wako Jilala.

Jambo jingine. Ukishalitoa utakuta chini yake rangi ni ile bluu ya siku gari lilipokuja, na sehemu nyingine ya mlango imepauka kwa jua. Bango halipo, lakini umbo lake litaonekana. Hakuna polishi ya kuficha hilo. Ndiyo maana nakuomba mayu asiwepo. Mpeleke akashinde kwa mama mdogo.

Huyo mama mdogo umsalimie sana, nimesikia hakumwacha mayu peke yake hata siku moja ya msiba. Salamu kwa baba mdogo aliyesimamia kikao, kwa katekista aliyeongoza mazishi, kwa shemeji, na kwa Kabula, mdogo wetu, aliyeshika nafasi yangu ya kutia udongo. Mwambie ahsante. Mwambie pia anisamehe.

Bango usilitupe. Niliwaza ulibandike kwenye msalaba wa kaburi, lakini najua kazi yangu: saruji ina vumbi, mvua moja tu litadondoka. Jana tajiri alinipa vipande vya plastiki vilivyobaki nijizoeze kukata herufi, nikate chochote nitakacho. Nilipomaliza nikaona nimekata jina la baba. Herufi zote zimenyooka. Nimezipanga hapa mezani tangu asubuhi, gundi bado ina karatasi yake. Mlango wa chumba hiki ni wa mwenye nyumba. Kaka, sina mahali pa kumbandika baba.

Ni mimi mdogo wako,
Jilala