Fomu ya Kurudi Kazini

Jumatano, wiki ya pili ya mgomo wa walimu.

Sikutia sahihi, na sitatia.

Hedimasta wetu alinifuata leo asubuhi hadi huku shambani, nikichuma majani chai, na fomu mkononi. Ndiye aliyenifundisha kusoma nikiwa mtoto, kwa hivyo nilimsalimia kwa heshima. "Chamgei, mwalimu."

"Mama Chebet, weka sahihi urudi darasani. Asiyerudi kufikia Ijumaa atafutwa kazi."

"Na nyongeza tuliyoahidiwa?"

"Serikali inasema tungoje."

Hapo nilichemka. "Mwalimu, wewe unastaafu mwaka ujao. Pensheni yako itapigiwa hesabu kwa mshahara huu huu mdogo. Mimi nagoma kwa ajili yako pia, halafu wewe ndiye unayeniletea fomu?"

Niliogopa nimemkosea adabu. Kisha akatoa kalamu, akaandika jina langu kwenye orodha ya waliokataa, nyuma ya fomu. Chini yake akaandika lake.

"Watu wa serikali wakiuliza," akasema, "waambie nilikuja na fomu, kama nilivyotumwa."

Naogopa Ijumaa, siwezi kujidanganya. Nikifutwa, sijui Chebet atamalizaje sekondari. Lakini waje tu. Watanikuta hapa hapa.