Kompyuta Niliyoipima kwa Mkono

Kampemba, Lubumbashi

Yaya Paluku, kaka yangu mpenzi,

Jambo sana huko Butembo. Mimi na mume wangu Muhindo tuko wazima, na malaria iliyomshika imemwachia. Wewe je, mgongo umepona tangu ile safari ya miguu? Na mama, analala usingizi sasa, ao bado anashtuka lori likipita? Mfanyabiashara aliyetuletea habari zenu alisema amenenepa kidogo. Nilicheka, nikalia, kisha nikaenda kupika.

Nina habari ambayo sijui utaipokeaje. Nimenunua tena mashine za kurekodi muziki.

Najua ulichoapa siku ile tuliporudi kwenye studio yetu Goma baada ya mapigano, tukakuta mlango uko chini na meza tupu, hata nyaya zimeng'olewa ukutani. Ulisema hutagusa mikro tena maishani. Sikuandikii ili nikubishie. Ila wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii, si vizuri uisikie kwa watu wengine.

Mambo yalianza kanisani. Wamama wa kwaya ya hapa mtaani walisikia kwamba zamani nilikuwa narekodi, wakanijia. Muhindo, ambaye sasa anafanya kazi katika ghala la binamu yake na huenda hadi mpakani Sakania kupokea mizigo, akasema tutumie akiba yetu. Tukaenda sokoni kwa Papa Ngoy, muuzaji wa kompyuta zilizokwisha kutumika.

Akatuonyesha moja kubwa ya mezani. "Mama, hii iko na nguvu. Utatia sauti za bantu bengi, haitachoka."

Alisema kweli. Nilifungua programu, nikapanga sauti nyingi pamoja, haikukwama hata kidogo. Ile yetu ya Goma ilikuwa punda mbele yake. Lakini nikaishika chini, nikainyanyua. Nikaiweka. Nikanyanyua spika. Nikanyanyua na kompyuta ndogo ya kubeba.

Papa Ngoy akacheka. "Mama, unatafuta mashini ao unatafuta mbuzi? Kila kitu unapima uzito!"

Muhindo hakucheka. Akaniuliza polepole, kwa lugha ya kwetu, "Katungu, unataka kujua kama utaweza kukimbia nayo?"

Nilitoka nje nikasimama kati ya wauza viatu, machozi yakanitiririka mbele ya watu. Muhindo akanifuata.

"Hata kitanda hutaki tununue," akasema. "Tunalala chini tangu tulipofika. Mimi nimechoka kuwa mgeni ndani ya nyumba ninayoilipia."

Tulirudi mikono mitupu, kila mtu na upande wake wa barabara.

Mwenye nyumba wetu, Mama Ilunga, aliyezaliwa hapa hapa Kampemba, akatuona tulivyonuna, akauliza kuna nini. Nikamweleza habari ya kompyuta tu, ya machozi nikaiacha.

"Ile kubwa ya nini?" akasema. "Courant ya umeme inaendaka kila siku. Itazimika, wimbo inabaki katikati. Kamata ile iko na batterie. Na utarekodia wapi?"

"Chumbani kwetu."

"Pale mashini ya kusaga bunga inalia pa dirisha? Utarekodi bunga!" Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mukamate kale kachumba kangu ka nyuma. Mufunge dirisha na matofali."

"Mama, dirisha lako? Na sisi tukiondoka?"

"Munaenda wapi?"

Hakuwa ananichokoza. Alitaka kujua kweli.

Basi tulirudi kwa Papa Ngoy. Nilichukua ile ya kubeba, yenye betri nzuri na feni isiyovuma ndani ya mikro. Alitaka kunipa mikro ya bei kali, inayosikia kila kitu. Nikakumbuka maneno yako, kwamba mikro ya namna hiyo itamsikia na jirani akikohoa. Nikachagua ile ya jukwaani, inayosikia kinywa kilicho mbele yake. Nikaongeza kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta, na kaske ya kusikilizia, inayofunika masikio vizuri. Mwisho nikaonyesha spika mbili, zile nzito. Muhindo akaniangalia. "Zile?" "Zile." Alibeba moja, mimi nikabeba nyingine. Bega liliniuma, lakini njia nzima tulikuwa tunaongea.

Jumamosi tulifunga dirisha. Mimi nilikoroga udongo, Muhindo akapanga matofali, Mama Ilunga akasimama kutuambia yamepinda wapi. Kitanda kiko kwa seremala.

Halafu kwaya ikaja. Kachumba ni kadogo, wamama ni wanene, jasho likatoka kabla hatujaanza. Walipofika ubeti wa pili, taa ikazimika. Giza tupu, kwa vile dirisha hatuna tena. Nilidhani watanyamaza. Hakuna aliyenyamaza, Yaya. Mwanga wa kompyuta uliwapiga usoni, wakaimba hadi neno la mwisho, kisha wakabaki wamesimama, hakuna anayepumua kwa nguvu.

"Imekamata?" kiongozi wao akanong'ona.

"Imekamata."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilimtoa Mama Ilunga jikoni na mwiko mkononi.

Huyu anayekuletea barua ana pia ufunguo wa USB wenye wimbo huo. Naona sauti za chini zimezidi za juu, ila huku sina mtu wa kumuuliza. Usikilize kwa kaske, si kwa simu. Uniambie kweli, hata ikiuma. Na kama hutaki kuusikiliza bado, uuweke tu, sitauliza.

Umsalimie mke wako, umshukuru kwa kumtunza mama. Umsalimie shangazi yetu muuza maharagwe, na baba mkwe wangu, umwambie mtoto wake anakula vizuri. Muhindo anawasalimia wote, na Mama Ilunga pia, ijapokuwa hajawahi kuwaona.

Mama akiuliza nitarudi lini, usimfiche. Mwambie kwa sasa niko huku, na niko vizuri.

Mimi mudogo wako,
Katungu